Mchoro wa Kikaoni Hadi Wavu wa Petri

Ukikabidhiwa mchoro wa mchakato uliochorwa kikaoni uugeuze kuwa wavu wa Petri, yaani mchoro unaoweza kuuchezesha hatua kwa hatua kuona kama kazi itakwama, acha kompyuta kwanza. Mimi huchukua kalamu nyekundu na kuzungushia kila mahali mishale inapoachana na inapokutana. Visanduku vya kazi havinisumbui. Utata umejificha kwenye njia panda.

Kwenye mchoro mmoja wa oda, "Pokea oda" ilitoa mishale miwili, "Kagua stoo" na "Kagua deni", kisha ikakutana kwenye "Toa mzigo". Nikamuuliza karani: mnafanya yote mawili au moja? "Inategemea." Neno hilo likanila asubuhi nzima. Kumbe stoo hukaguliwa kila mara, deni ni kwa mteja wa mkopo tu. (Na deni likiwa baya? Mchoro ulikuwa kimya. Nikaliandika pembeni.)

Hapo ndipo unabadili mchoro kuwa wavu. Wavu wa Petri, uliotokana na tasnifu ya Carl Adam Petri ya 1962, una maduara ya hali, mistatili ya matendo, na kete zinazoonyesha kazi imefika wapi. Tendo hufanyika pale tu kila duara lenye mshale unaoliingia tendo hilo lina kete. Hula moja moja humo na kuweka moja moja kwenye maduara yanayofuata. Kuchagua ni duara moja linalogombewa na matendo mawili. Kufanya sambamba ni tendo moja linalomwaga kete kwenye maduara mawili. Mwanzo uwe duara moja, mwisho duara moja.

Sasa cheza. Natumia vifungo vya shati kama kete, juu ya karatasi. Nilipompitisha mteja wa taslimu, "Toa mzigo" ilisubiri kete ya deni ambayo haikuja kamwe: mkwamo. Dawa yake: tendo la "mteja wa taslimu" liweke kete ya pili moja kwa moja kwenye duara la "deni halina shida".

Kagua mambo matatu: popote ulipofika, mwisho unafikika; kete ikifika mwisho, hakuna nyingine iliyosalia nyuma; na hakuna tendo lisiloweza kufanyika hata siku moja. Matendo 10 sambamba, kila moja likiwa limefanyika au bado, yana michanganyiko 1,024, kwa hiyo hapo vifungo weka kando, tumia programu ya kukagua wavu.

Programu ikikuta kosa, itakupa mfuatano wa matendo unaofika kwenye mkwamo. Huo ndio ninaompelekea karani. Wavu wenyewe simwonyeshi.