Unaenda senta ya sanaa Lubumbashi mara ya kwanza? Soma hii mbele ya kukamata taksi

Kuko watu wamezaliwa Lushi (ni Lubumbashi), wamekomalia Lushi, na hawajaingia Picha ao Waza, zile senta za sanaa, hata siku moja, juu wanafikiri ile ni fasi ya wazungu na ya watu wa ONG. Hapana jamani. Ekspo (maonyesho ya sanaa) mingi ni bure, na hakuna mutu wa kukuuliza diploma.

Kwanza ujue unaenda wapi, juu zile fasi hazifanani. Musée national ni ya kuangalia vitu vyenye vimekaa pale zamani, masanamu, ile misalaba ya shaba yenye wazee walikuwa wanalipia vitu, na kuko wakati wanaweka pia kazi za wasanii wa leo. Halle de l'Étoile, ile ya Institut français, unaenda juu ya konseri, teatri, filme. Picha, yenye musanii wa foto Sammy Baloji na wenzake walianzisha 2008, na Waza yenye ilifuata 2010, zile ni fasi za kazi: leo ukuta umejaa foto, wiki ijayo unakuta ukuta mutupu na vijana wamekaa mbele ya ordinatere wanamonte video. Sasa ukienda tu vile, bila kuuliza, utarudi unasema "hakuna kitu kule", kumbe kitu kilikuwa usiku wa Ijumaa.

Kwa hiyo piga simu ao andika WhatsApp. Uliza leo kuko nini, wanafunga saa ngapi, na kama musanii mwenyewe atakuwa pale, hii ya mwisho njo ya maana zaidi. Angalia muzuri saa ikiwa ni kitu cha live chenye kinapita online toka Kinshasa, juu sisi tuko saa moja mbele yao na watu wanachanganyikiwa kila mara.

Siku ya kuchagua ni ya vernisaje, ile siku ya kufungua ekspo. Hata kama hauna mualiko nenda tu, vaa ya kawaida, safi, inatosha. Mu mwezi wa sita na wa saba beba jaketi, baridi ya Lushi usiku haichezi na mara mingi mambo inafanyika inje mu lupango (kiwanja). Wakati wa mvula chunga viatu. Kwa mulango utakuta papa santineli (mulinzi), na pale njo wengi wanaogopa, wanageuka. Lakini ni kusalimia tu:

"Jambo papa."
"Jambo mama. Unatafuta nani?"
"Nakuja kuangalia ekspo."
"Ingia, andika jina mu kaye."

Basi, umeingia. Hotuba zitakuwa za Kifaransa, tena ndefu, vumilia. Zikiisha, kila mutu anakamata soda yake ao biya, na pale njo wakati wa kwenda kwa musanii, umuulize kwa Kiswahili. Utaona sura inabadilika, yule mwenye alikuwa anasema maneno makubwa ya kitabu ataanza kukuelezea vile alipata ile waya kwa mutu wa kuuzisha machuma ya zamani kule Katuba, vile mama yake alikasirika juu amejaza nyumba na machuma. Usiulize "hii maana yake nini", wanachoka nayo. Uliza "ulifanya namna gani?" na "ulianzia wapi?", atakuambia maana mwenyewe bila kusukumwa.

Kitu ingine chenye mi nashauri na watu hawafanyi: mbele ya kwenda, pita kwanza fasi unaona muzuri shimine ya Gécamines, ile kampuni ya serikali ya migodi, na ile terili nyeusi, kilima cha takataka za shaba. Kazi mingi za hapa zinazungumuza na ile historia ya shaba. Kwa mufano Baloji, mu foto zake za "Mémoire", alikamata picha za usine zenye zimekufa, akaweka ndani wafanyakazi wa wakati wa Union Minière, kampuni ya migodi ya wakoloni, wenye alitoa mu foto za wakoloni. Mugeni ataona kolaje ya muzuri, basi. Mutoto wa mutu wa Gécamines atasimama pale mupaka wenzake wamuite. Na bienale ya 2022, ile ekspo kubwa ya muji, yote ilikuwa juu ya sumu, na mu muji wa migodi hakuna mwenye aliuliza ni sumu gani.

Juu ya bienale, ilianza 2008, kisha 2010, 2013, 2015, 2017, 2019, ikaruka mupaka 2022, kwa hiyo usihesabu kwa vidole kwamba ni kila miaka mbili kamili, fuata matangazo. Ikifika, kazi zinatawanyika fasi mbalimbali mu muji, chagua mbili tatu kwa siku, usikimbize zote.

Foto: ndani uliza kwanza, kuko kazi zenye hawataki flashi. Inje usikamate foto za asikari wala za majengo ya serikali, hata kama mwanga ni muzuri sana, utapoteza mangaribi yako yote mu kuelezana.

Ukitaka kununua kitu, usiulize bei mbele ya watu, ita mwenye kupokea wageni pembeni. Beba franka ndogo kwa taksi, na dola ziwe safi, yenye imepasuka hata kidogo utarudi nayo nyumbani. Panga pia mutu wa kurudi naye mbele giza haijaingia sana.

Kama unaleta watoto, uliza mapema kama kuko ateliye yao siku ile. Kusimama nusu saa mbele ya video ya mutu anatembea polepole mu jangwa, mutoto hawezi. Mimi pia siwezi.