Jinsi ya Kujiandikisha na Kupiga Kura katika Uchaguzi wa Jimbo la Minnesota

Kabla ya jambo lolote lingine, hakikisha kwamba wewe ni raia wa Marekani. Ninaanza na sharti hili kwa makusudi, kwa kuwa ndilo ambalo likikosewa linaweza kumharibia mtu maisha yake yote ya ugenini. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, ile tunayoiita grinkadi, haruhusiwi kupiga kura ya jimbo wala ya taifa, hata kama ameishi Minnesota miaka ishirini, analipa kodi bila kukosa na watoto wake wamezaliwa hapa. Mkimbizi, mwombaji wa hifadhi na mwanafunzi mwenye viza nao hawaruhusiwi. Kutia alama kwenye fomu kwamba wewe ni raia ilhali bado hujaapishwa ni kosa la jinai, na linaweza kukunyima uraia ulioungoja kwa miaka mingi au hata kusababisha ufukuzwe nchini. Kwa hiyo mtu akikuletea fomu dukani, kanisani au msikitini na kukuhimiza utie sahihi tu, mrudishie kwa heshima ikiwa hujapata uraia. Uangalifu huohuo unahitajika katika ofisi za leseni za udereva, ambako anayethibitisha uraia wake anaweza kuandikishwa moja kwa moja kuwa mpiga kura: soma kila swali, na usilolielewa usilijibu kabla hujatafsiriwa.

Ukishakula kiapo cha uraia, haki yako huanza siku hiyohiyo. Masharti mengine si mazito. Ni lazima uwe umefikisha umri wa miaka 18 siku ya uchaguzi, uwe umeishi Minnesota kwa siku 20 kabla yake, na usiwe umeondolewa haki ya kupiga kura kwa amri ya mahakama. Aliyewahi kupatikana na hatia ya kosa kubwa la jinai anaweza kupiga kura mradi hayumo gerezani. Sheria hiyo ilianza kutumika tarehe 1 Juni 2023, na ningependa kila familia iliyo na kijana wa namna hiyo imweleze, maana wengi bado wanaamini kwamba mlango umefungwa kabisa.

Kujiandikisha kwa njia ya mtandao hufanyika kwenye tovuti ya Katibu wa Jimbo, mnvotes.gov. Utahitaji anwani ya baruapepe pamoja na namba ya leseni ya udereva au kitambulisho cha Minnesota. Usipokuwa navyo, utatumia tarakimu nne za mwisho za namba yako ya hifadhi ya jamii. Jina uliandike kama lilivyo kwenye hati zako, jambo linalotaka uangalifu kwa sisi wenye majina matatu au manne, ambayo mara nyingi yalipangwa upya na karani fulani kambini au uwanja wa ndege. Anayependelea karatasi anaweza kujaza fomu na kuituma kwa posta. Kwa njia zote mbili, mwisho ni siku 21 kabla ya uchaguzi. Kwa uchaguzi mkuu wa tarehe 3 Novemba 2026, siku hiyo ni tarehe 13 Oktoba. Kumbuka pia kwamba ukihama nyumba, hata kwa kuvuka barabara tu, ukibadilisha jina, au ukikaa miaka minne mfululizo bila kupiga kura, unapaswa kujiandikisha upya.

Aliyezoea utaratibu wa Kenya au Tanzania huona kwamba daftari likishafungwa, basi tena mpaka uchaguzi ujao. Minnesota haiko hivyo. Tangu uchaguzi wa mwaka 1974, mtu huweza kujiandikisha kituoni siku yenyewe ya kura kisha akapiga kura yake papo hapo, mradi athibitishe anapoishi. Njia nyepesi ni leseni au kitambulisho cha Minnesota chenye anwani yako ya sasa. Kama leseni yako bado ina anwani ya zamani, ichukue hivyohivyo, au chukua pasipoti yako ya Marekani, kisha uambatanishe na hati inayoonyesha jina lako na anwani ya sasa, kwa mfano bili ya umeme, maji au simu, taarifa ya benki, au mkataba wa nyumba unaoendelea kutumika. Hati hiyo unaweza kuionyesha kwenye simu yako.

Iwapo huna hata kimojawapo, kuna njia ya kudhaminiwa, ambayo naiona kuwa ya kiutu kuliko zote na inayowafaa sana watu wetu wanaokaa wengi katika nyumba moja. Mpiga kura aliyeandikishwa katika eneo lako la kupigia kura hufuatana nawe kituoni na kutia sahihi, chini ya kiapo, kwamba anakufahamu na kwamba unaishi pale unaposema. Mtu mmoja anaweza kuwadhamini hadi watu wanane. Hata hivyo, aliyeandikishwa kwa kudhaminiwa hawezi siku hiyo kumdhamini mwingine, kwa hiyo katika nyumba yenye watu wazima wengi ni vyema angalau mmoja wao ajiandikishe mapema.

Katika uchaguzi wa jimbo wa mwaka 2026 wapiga kura wanamchagua Gavana pamoja na Naibu wake kwa kura moja, Mwanasheria Mkuu, Katibu wa Jimbo, Mkaguzi wa Hesabu, na wajumbe wote wa Bunge la jimbo, yaani Maseneta 67 na Wawakilishi 134. Karatasi huendelea mpaka upande wa pili, ambako mara nyingi kuna majaji na wajumbe wa bodi za shule. Tafadhali usiishie ukurasa wa kwanza, kwa sababu bodi ya shule huamua mambo yanayomgusa mtoto wako kila asubuhi. Sehemu usiyoijua unaweza kuiacha wazi bila kuharibu kura yako. Isipokuwa moja: panapokuwa na pendekezo la kubadilisha Katiba ya Minnesota, kuacha wazi huhesabiwa sawa na kulikataa, kwa kuwa linahitaji wingi wa watu wote waliopiga kura. Karatasi ya mfano ya mtaa wako hupatikana mapema kwenye tovuti ileile. Isome nyumbani pamoja na jamaa zako, bila haraka.

Kabla ya uchaguzi mkuu huwa kuna mchujo wa vyama, mwaka 2026 ukiwa tarehe 11 Agosti. Huhitaji kuwa mwanachama, lakini katika sehemu ya vyama chagua wagombea wa chama kimoja tu, kwa sababu ukichanganya vyama viwili kura zako za sehemu hiyo hazitahesabiwa.

Si lazima ungoje siku yenyewe. Kura ya mapema huanza siku 46 kabla, yaani tarehe 18 Septemba kwa uchaguzi mkuu wa 2026, kwa posta au kwa kufika kwenye ofisi ya uchaguzi, na huulizwi sababu. Ukituma kwa posta, fuata maelekezo ya bahasha moja baada ya nyingine, hasa panapotakiwa sahihi, na itume mapema, kwa kuwa ni lazima kura iwe imefika siku ya uchaguzi. Mhuri wa posta pekee hautoshi.

Vituo vingi hufunguliwa saa moja asubuhi na hufungwa saa mbili usiku, na aliyekwisha kuingia kwenye foleni kufikia saa mbili atapiga kura hata zamu yake ichelewe. Wanaofanya kazi za zamu viwandani na katika nyumba za wazee wajue kwamba sheria ya jimbo inawapa muda wa kwenda kupiga kura bila kukatwa mshahara; mwarifu msimamizi wako siku chache kabla. Usivae fulana wala kofia yenye jina la mgombea aliyemo kwenye karatasi.

Ikiwa tayari umeandikishwa kwa anwani ya sasa, huhitaji kuonyesha kitambulisho. Utataja jina na anwani, utatia sahihi, na kukabidhiwa karatasi. Ukihitaji msaada wa kusoma au lugha, una haki ya kuingia na mtu umtakaye, kama mwanao au jirani, isipokuwa mwajiri wako au wakala wa chama chako cha wafanyakazi. Jaza kiduara kilicho kando ya jina kikamilifu. Ukikosea, usifute: irudishe karatasi kwa wasimamizi, nao watakupa nyingine. Ukimaliza, itie mwenyewe kwenye mashine ya kuhesabu na usubiri mpaka ithibitishe kwamba imeipokea. Kidole hakitatiwa wino.