Namna ya Kuomba Ridhaa ya Jaribio la Saikolojia Mjini Goma

Mwanafunzi anayebisha hodi Majengo au Ndosho, mitaa ya Goma, akiwa na daftari mkononi hudhaniwa mara moja kuwa amekuja kuandikisha watu wa kupewa msaada. Anza kwa kuiondoa dhana hiyo, tena kwa Kiswahili cha mtaani na si kwa fomu ya Kifaransa: eleza kwamba hukuleta chakula, kwamba jina la mtu haliingii katika orodha yoyote, na kwamba anayekataa hapotezi kitu. Ukijitambulisha kwa mkuu wa mtaa, kama ilivyo desturi, usimwache akuitie washiriki, kwa kuwa anayeitwa na mkubwa huja hata asipotaka.

Haki ya kuacha ndiyo inayodai uangalifu zaidi. Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, mwanasaikolojia Stanley Milgram aliwaaminisha wanaume 40 kwamba wanampiga mwenzao umeme kila anapokosea, ilhali umeme haukuwepo na mwenzao alikuwa akiigiza. Waliambiwa mapema kwamba malipo ni yao kwa kufika tu, litokee lolote. Hata hivyo 26 walifika volti 450, kiwango cha mwisho, wengi wakitetemeka na kutokwa jasho, kwa sababu kila walipositasita msimamizi aliwahimiza, hata kuwaambia kwamba jaribio linawataka waendelee. Kwangu mimi, kosa la himizo hilo ni zito kuliko la umeme wa uongo. Kwa hiyo toa nauli kabla ya swali la kwanza, lakini usitosheke na hilo. Mama aliyelelewa kumheshimu mgeni hatatamka neno “sitaki”. Atanyamaza, atatazama mlango, au atasema mtaendelea kesho. Hapo funga daftari wewe mwenyewe, wala usiulize sababu.

Mpe pia mtu asiye wa kikundi chako mamlaka ya kusimamisha kazi. Mwanasaikolojia Philip Zimbardo, aliyejifanya mkuu wa gereza la maigizo katika jaribio lake mwenyewe huko Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1971, hakuyaona mateso ya vijana walioigiza wafungwa mbele yake mpaka mwanasaikolojia mwenzake, Christina Maslach, aliyekuja kutoka nje ya jaribio, alipompinga, na jaribio la wiki mbili likakoma baada ya siku 6.

Ikiwa maswali yako yanagusa vita au usiku wa tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, tafuta kwanza mshauri atakayempokea mshiriki siku hiyohiyo. Ukimkosa, yaondoe maswali hayo.