Riwaya ya safari na mapenzi ikikuvunja moyo, ifanyie hivi

Nauza vitabu vya mtumba hapa soko la Memorial, Moshi, na wateja wangu wengi ni mabinti wa sekondari. Wakirudisha riwaya ya vijana waliosafiri wakapendana, mara nyingi husema neno moja tu: "Dada, haina kitu." Siwaachi waondoke hivyo. Nawavutia stuli, tutafute hicho kitu kilipopotelea.

Njia hii niliipata baada ya kuumia mwenyewe. Ilikuwa riwaya ya msichana wa Uingereza na mvulana wa Marekani wanaokutana Marangu na kupanda Kilimanjaro. Niliianza jioni, nikaimaliza alfajiri, kwa hamu ya mtu anayeutazama mlima huo kila asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Nilipoifunga nilikuwa na donge kooni.

Anza kwa kuitendea haki. Vitabu vya aina hii huahidi kwamba wapendanao watabaki na tumaini mwishoni. Usikilaumu kitabu kwa kutimiza ahadi yake. Kama wewe ulitaka kulia, ulichukua kisicho chako.

Kisha rudi kwenye ukurasa ulipoacha kuamini. Upo, na mara chache huwa wa mwisho. Weka tiketi ya basi hapo. Mimi niliiweka ukurasa wa 87: wawili hao wanalala kambi ya Mandara, kesho yake wako kileleni jua likizama, wanabusiana, na usiku uleule wanakula mjini. Njia ya Marangu ni ya siku tano au sita. Unalala Mandara, halafu Horombo, halafu Kibo, na kutoka Kibo watu huanza kupanda karibu saa sita usiku ili wafike kilele cha Uhuru, mita 5,895, asubuhi. Hawakai. Hewa ni nyepesi, na anayewaongoza huwahimiza kushuka.

Usiishie kwenye kosa la ratiba, maana hapo wengi huridhika na kufunga kitabu. Jiulize kosa hilo limekunyima nini. Zile siku zilizorukwa ndizo ambazo watu wawili wangechoka, wangenuniana, wangeonana nywele timutimu na midomo imepasuka. Mwandishi alipozifuta siku, aliyafuta mapenzi yenyewe. Hilo ndilo lililoniuma, na ilinichukua wiki nzima kulitambua.

Ukishafika hapo, funika majina ya mahali kwa kiganja na usome tena. Kama hadithi ingeweza kutokea ufukwe wowote, hoteli yoyote, basi safari ni pambo tu. Chukua pia daftari uandike mambo matatu ambayo msichana anayajua kuhusu mvulana ukurasa wa 200 na hakuyajua ukurasa wa 50. Kwenye kitabu changu nilipata moja: rangi ya macho yake. Angalia vilevile nani ana jina. Katika riwaya ile wapagazi wanabeba kila kitu, na hakuna hata mmoja anayeitwa jina. Mpagazi ni mkono unaonyoosha kikombe cha chai, basi. Mdogo wangu ni mpagazi. Mstari ule niliupigia kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoipenda kuliko zote: mtafute mtu aliyepita njia hiyo. Mimi nilimsomea mdogo wangu ukurasa wa 87 jikoni, akiwa anamenya ndizi za mtori. Akaweka kisu chini. Akanisimulia vijana wawili aliowaona Kibo wakirudi kutoka kileleni. Vidole vya msichana vilikufa ganzi, hawezi kufungua viatu. Mvulana akapiga magoti kwenye vumbi, akajaribu kwa mikono, navyo vidole vyake havishiki, akaishia kuivuta ile kamba kwa meno. Hawakusemezana. "Dada, mimi niligeuka nikaangalia pembeni," akasema, akachukua kisu tena. Riwaya nzima haikuwa na kitu kama hicho.

Ikiwa kitabu kinahusu Italia na humjui aliyefika, tumia safari yako mwenyewe. Moshi hadi Arusha hata kilomita 100 hazifiki, lakini ndani ya basi unajua maana ya kumpisha mtu dirishani, au kukaa bila kusogea kwa sababu kichwa chake kimelalia bega lako na bega linakufa ganzi.

Mwisho, andika ukurasa uliokosekana. Mmoja tu, kwa mkono. Binti mmoja wa kidato cha tatu aliandika jinsi wapenzi wake wawili wa kitabuni walivyogombana Horombo kwa ajili ya soksi kavu pea moja, na mpagazi, ambaye yeye alimpa jina Elibariki, akawapa zake. Nilimwomba anisomee mara mbili.

Kitabu usikitupe. Changu kiko mezani kwa shilingi 2,000, na ndani yake, ukurasa wa 87, nimebandika hadithi ya kamba ya kiatu kama mdogo wangu alivyoisimulia. Wiki iliyopita mteja aliuliza kama anaweza kununua ile karatasi peke yake. Nilimwambia haziachani.