Kupanga nyota kwenye Stellarium: idadi, ukubwa na tofauti ya ung'avu

Anga la Stellarium, programu ya kompyuta inayoonyesha anga la usiku, likijaa vidoti hadi Salibu haitambulikani, au nyota zikivimba na kugusana, kwa kawaida chanzo ni kimoja: mtu alitaka kuona nyota nyingi zaidi, akaongeza ukubwa wake. Idadi na ukubwa vina mipangilio tofauti.

Anza na anga la kupimia. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hakuna pazuri kuliko Salibu, yaani Msalaba wa Kusini. Bonyeza F6 uweke mahali ulipo, kisha F5 uweke katikati ya Mei, 21:00, halafu tazama kusini. Bonyeza F4 na ufungue kichupo cha kwanza, "Sky".

Shughulikia idadi kwanza. Weka alama kwenye "Limit magnitude", yaani kikomo cha magnitudo (kipimo cha ung'avu wa nyota), na uandike namba. Kumbuka kipimo hiki huenda kinyume: namba ikipanda, nyota ni hafifu zaidi, na kila hatua moja ni tofauti ya mwanga ya takriban mara 2.5. Kwa anga la mjini jaribu 4. Kijijini pasipo taa, 6. Kwa binokula ya 10x50, 9. Ukiacha kisanduku hiki wazi, programu huongeza nyota hafifu zenyewe kila unapovuta picha karibu. Hiyo inafaa kwa mwenye darubini, lakini humchanganya anayejifunza makundi ya nyota kwa macho matupu.

Sasa "Relative scale". Hapa ndipo ramani nzuri hutengenezwa, na ndipo wengi hawagusi. Namba hii huamua nyota angavu iizidi hafifu kwa kiasi gani. Ikiwa juu ya 1.00, angavu hukua kuliko zinavyoonekana angani, na umbo la kundi hujitokeza. Panda kidogo kidogo, 1.1, 1.2, huku ukitazama Salibu. Acrux, nyota angavu kuliko zote za Salibu, ina magnitudo 0.8, na ile nyota ndogo ya tano, Epsilon, ina 3.6, yaani Acrux inaizidi kwa mwanga takriban mara 13. Epsilon ikipotea, umezidisha. Ikikaribiana na Delta, nyota ya nne, yenye 2.8, bado hujafika.

"Absolute scale" iwe ya mwisho. Hukuza nyota zote kwa pamoja, kwa hiyo itumie kulingana na skrini tu: ndogo au ya projekta huhitaji zaidi ya 1.00, kubwa yenye picha kali huhitaji pungufu. Majina yakisongamana, punguza kiwango cha lebo hapohapo, au uyafute yote kwa Alt+S.

Nyota hafifu zikitoweka Mwezi unapoingia kwenye picha, hiyo si hitilafu. Programu inaiga jicho linavyozidiwa na mwanga; ukitaka zibaki, ondoa alama kwenye "Dynamic eye adaptation". Kama anga zima ni jeupe, bonyeza A kuondoa angahewa.

Ukivuta karibu sana ukakuta pamekauka, angalia kwanza kama hukusahau kikomo cha magnitudo. Kama kimeondolewa, umefika mwisho wa katalogi, yaani orodha ya nyota ya programu. Ile inayokuja na programu ina nyota zaidi ya 600,000, na kwa macho au binokula inatosha kabisa. Za ziada hupakuliwa kupitia F2, kichupo cha "Extras", moja baada ya nyingine, na kila inayofuata ni nzito kuliko iliyotangulia. Usimalizie bando kwa nyota ambazo darubini yako haizifikii.

Kwa ramani ya kuchapisha, zima ardhi kwa G, nenda F2, kichupo cha "Tools", uchague kugeuza rangi za picha ya skrini, kisha Ctrl+S. Utapata nyota nyeusi kwenye karatasi nyeupe, na wino hautaisha kwa kuchapa usiku. Kabla ya kufunga programu, bonyeza "Save settings" ndani ya F2 ili mipangilio ibaki.