Tangazo lisiwe picha tupu

Wenzangu mnaosimamia tovuti za vyama vya wanafunzi hapa Tanga, kabla hamjagusa rangi na nembo, anzeni na hili: washeni TalkBack, programu inayosoma skrini kwa sauti, kwenye simu ya Android, fumbeni macho, kisha mtafute tarehe ya mkutano ujao.

Sisi tulijaribu tukiwa kibarazani Ngamiani na mwenzetu asiyeona. Tangazo la uchaguzi lilikuwa bango zuri la picha, tarehe na ukumbi vyote vimo humo. Simu ikasoma "picha", ikapita. Iliniuma sana, mwanachama kamili, ada kalipa, hajui apige kura lini. Tukayaandika maneno yote chini ya bango kama maandishi ya kawaida, na picha yenyewe tukaipa maelezo mafupi. Tena mtandao ukisuasua, maandishi hutangulia kufika kabla ya picha.

Maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe yaacheni. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kuzifanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, unataka utofauti wa mwangaza kati ya maandishi na rangi iliyo nyuma yake usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na juani pale Raskazone hata mwenye macho mazima kijivu hakisomi. Kiungo nacho kiandikwe "Pakua fomu ya uanachama", si "Bofya hapa".