Somo: Kutengeneza mchezo wa kadi wa maharamia ukiwa na rafiki yako

Wadau, somo hili ni la anayetaka kutengeneza mchezo wa kadi mwepesi, wa kuchezwa barazani au sebuleni baada ya chakula, bila kumsomea mtu kurasa za sheria. Nitatumia mchezo ambao mimi na mwenzangu tunautengeneza, wa maharamia wa Bahari ya Hindi, ili kila hatua uione ikifanya kazi.

Msimamo wangu nauweka mapema. Wengi wanadhani mchezo mwepesi ni mchezo wenye sheria chache, basi. Mimi naona sheria inakaa kichwani ikiwa inatokana na hadithi yenyewe. Mtu aliyekulia pwani anajua chombo kinakwenda kwa upepo. Huhitaji kumkumbusha kwamba kadi ya upepo inageuza zamu.

Hatua ya 1: Kubalianeni mnamtengenezea nani

Kabla ya kuchora chochote, andikeni kwenye karatasi moja wachezaji wenu ni nani. Yetu ina mambo matatu: mtoto wa miaka 7 acheze na bibi yake, mchezo uishe ndani ya nusu saa, asiyejua kusoma asikwame. Ubishi wowote utakaozuka baadaye unaamuliwa na karatasi hiyo.

Pia gawaneni mamlaka. Mimi nina neno la mwisho kwenye sheria, mwenzangu kwenye mwonekano. Kila mmoja akiwa na turufu kwa kila jambo, mtakesha mkibishana rangi ya kasha.

Hatua ya 2: Chagueni bahari moja na miaka yake

"Maharamia" peke yake ni mada pana mno, na mara moja mtaangukia kasuku, jicho lililofunikwa na mguu wa mti. Sisi tumechukua Bahari ya Hindi, takriban 1690 hadi 1730, na hapo kadi zikaanza kujichora zenyewe. Mwaka 1695 Henry Every alivizia kwenye mlango wa Bahari ya Shamu, akaiteka Ganj-i-Sawai, meli ya mfalme Aurangzeb wa India iliyokuwa ikirudi Surat na mahujaji na mali. William Kidd alipita Komoro mwaka 1697, na huko mabaharia wake wengi wakafa kwa maradhi. Kisiwa cha Sainte-Marie, ubavuni mwa Madagaska, kilikuwa maskani yao ya kupumzika na kuuza mali. Olivier Levasseur alinyongwa mwaka 1730 kwenye kisiwa ambacho leo kinaitwa Réunion.

Ukishakuwa na bahari yako, unajua pia cha kukataa. Mwenzangu alitaka kadi ya karafuu, kwa kuwa ukisema pwani mtu anasikia karafuu. Lakini karafuu ilifika Unguja karne ya 19. Tukabaki na dhahabu, hariri, pembe za ndovu na pilipili manga.

Lipo na jambo zito zaidi. Maharamia wa Madagaska walihusika pia na biashara ya watumwa, na mahujaji wa Ganj-i-Sawai walitendewa unyama. Uamuzi wetu ni kwamba hakuna kadi ya binadamu kama shehena, na hakuna kadi inayofanyia mzaha mateso ya watu. Mchezo wa familia una haki ya kuchagua upande wa hadithi unaouchezea. Kama mtaamua tofauti, amueni kwa kujua, isiwe kwa bahati tu kwamba hamkulifikiria.

Hatua ya 3: Tafuteni tendo moja la kurudiwa

Kwetu ni kufunua. Rundo la bahari liko katikati, kadi zimelala kifudifudi. Zamu yako ikifika, unafunua moja moja na kuzipanga mbele yako. Unaweza kusimama wakati wowote na kuiingiza mali ngamani, yaani tumboni mwa chombo chako. Dhoruba ikitokea kabla hujasimama, yote uliyofunua zamu hiyo inatoswa. Iliyokwisha kuingia ngamani haiguswi.

Juu ya tendo hilo tukaongeza vitu vitatu tu:

- *Upepo.* Kaskazi inapeleka zamu kulia, kusi inapeleka kushoto, na mshale umechorwa kwenye kadi. Inabaki mezani mpaka upepo mwingine utokee.
- *Fungu.* Ukisimama ukiwa na kadi 3 za mali au zaidi, jirani unakoelekea upepo anachagua moja na kuichukua.
- *Wanamaji.* Serahangi, yaani mkuu wa mabaharia, akiwa mbele yako dhoruba inapokuja, unaokoa kadi mbili. Rubani anakupa ruhusa ya kufunua kadi inayofuata hadharani na kuamua kama unaitaka. Ukiikataa inakwenda chini ya rundo, hata kama ni dhoruba.

Fungu ndilo linalowafanya watu wapige kelele. Jirani yako anakushawishi uendelee mpaka ufike kadi ya tatu, na ukishaifikia anakuomba kwa sauti ya huruma usimame. Wazo tumelichota kwenye kanuni za meli ya haramia Bartholomew Roberts zilizochapishwa London mwaka 1724: nahodha na msimamizi wa mali walipata mafungu mawili kila mmoja, serahangi fungu moja na nusu. Hesabu hiyo kamili haina nafasi kwenye mchezo wa mtoto wa miaka 7. Tulichobakiza ni kwamba mali ya meli hailiwi na mtu mmoja.

Rundo likiisha, hesabuni nukta zilizo kwenye kadi za mali. Kila seti ya aina nne inaongeza pointi 5.

Hatua ya 4: Pimeni hatari kwa hesabu, kisha kwa macho

Kadi zetu ni 54: mali 32, dhoruba 8, upepo 6, wanamaji 8. Rundo likiwa bado zima, uwezekano wa kufunua kadi 3 bila dhoruba ni kama asilimia 61. Kadi 4 ni asilimia 52. Kadi 5 ni 43. Yaani kadi ya nne ndipo moyo unapoanza kudunda, na hapo ndipo tulipotaka.

Dhoruba zikiwa 12, kadi 3 salama zinashuka hadi asilimia 46, na watu wanasimama kwenye ya pili kila zamu. Zikiwa 4 tu, inapanda hadi 79, na hakuna anayeogopa chochote. Kubadilisha idadi ya dhoruba kunabadilisha mchezo kuliko sheria mpya yoyote mtakayoibuni. Ila badilisheni kitu kimoja kwa mara moja, la sivyo hamtajua kilichosaidia ni kipi.

Hatua ya 5: Kadi ijieleze, na siri iondoke

Hatua hii ndiyo wengi wanaiacha mpaka mwisho, wakati walipaswa kuanza nayo.

Rangi isibebe ujumbe peke yake. Wapo watu, hasa wanaume, wasiotofautisha nyekundu na kijani, na wengine hawajijui. Kwetu kila mali ina rangi, umbo na mchoro wake: dhahabu ni duara, hariri ni mistari ya mawimbi, pembe ni upinde, pilipili manga ni punje tatu. Kipimo ni rahisi: piga picha kadi zako kwa simu, geuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Kama bado unazitambua, umepita. Dhoruba tumeifanya nyeusi kadi nzima na radi nyeupe katikati, ionekane hata kwa mwanga wa koroboi.

Alama ziwekwe kwenye pembe zote nne. Karata nyingi zina alama pembe mbili, na mtu wa mkono wa kushoto akizitandaza kwa namna yake anaona nafasi tupu.

Lakini lililosaidia kuliko yote halihusu mchoro: hakuna kadi za mkononi. Kila kitu kiko wazi mezani. Bibi asiyeona vizuri anaweza kusaidiwa bila siri yake kuvuja. Mtoto anaweza kushauriwa. Mwenye vidole vinavyouma hahitaji kushika kadi saba zilizotandazwa kama upepeo. Anayekuja katikati ya mchezo na sahani yake ya mihogo anaelewa kinachoendelea kwa kutazama tu. Rubani mwanzoni aliruhusiwa kuchungulia kadi peke yake. Tukamgeuza aifunue hadharani kwa sababu hiyohiyo.

Hatua ya 6: Tengenezeni kadi za majaribio

Msikimbilie duka la uchapaji. Chukueni karata za zamani, andikeni kwa kalamu kwenye vipande vya karatasi, vibandikeni juu. Zikianza kutulia, ndipo mchapishe.

Kadi ya kawaida ni milimita 63 kwa 88, hivyo karatasi ya A4 inatoa kadi 9, tatu kwa tatu. Kadi 54 ni karatasi 6 kamili, na hiyo si bahati. Tulichagua idadi kwa kufuata karatasi. Ukichora kwa kompyuta kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi, kila kadi ni pikseli 744 kwa 1039. Programu za Inkscape na LibreOffice ni za bure na zinatosha kabisa.

Mgongo wa kadi usiwe na fremu. Printa husogeza karatasi milimita moja au mbili, na fremu iliyopinda inageuka alama ya kutambulia kadi. Mchoro wa mawimbi unaojaza mgongo mzima unaficha kasoro hiyo. Pembe zikateni kwa kikata kucha: mbonyeo mmoja kwa kila pembe, kadi zinakaa kwenye rundo bila kushikana.

Hatua ya 7: Jaribio la kimya

Wapeni watu kadi na karatasi ya sheria, halafu mkae pembeni mnyamaze. Msifafanue, msitikise kichwa. Tazameni mikono: mkono unaosita juu ya kadi unakuonyesha sehemu ambayo mchoro haujasema. Anayesita akiuliza, jibuni "chezeni mnavyoelewa" na muandike. Mara nyingine sheria wanayoibuni kwa kukosea ni nzuri kuliko yenu, ichukueni.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, asante kwa somo. Sisi tuko wawili tu nyumbani, mimi na mke wangu. Upepo wa kulia na kushoto si unakosa maana?

Jibu: Kwa zamu, ndiyo. Mkiwa wawili, upepo unaamua fungu: kaskazi ikivuma unatoa kadi kwa mwenzako, kusi ikivuma unabaki na zote. Mchezo utaanza na kaskazi.

Swali: Nyumbani kwetu karata ni kamari, mzee hataki kuziona. Nifanyeje?

Jibu: Mchezo huu hauna dau, na kadi zake hazina shupaza, kopa, uru wala pau. Ukimwonyesha mzee kadi yenye pembe za ndovu na mshale wa kusi, ataona si zile anazozikataa. Unaweza pia kumwambia kwamba kanuni za Roberts zilikataza mabaharia wake kucheza karata au dadu kwa pesa, na yule alikuwa haramia. Ila kama pingamizi lake ni la dini, hilo mzungumze na shekhe au mchungaji wenu. Mimi sina fatwa.

Swali: Mdogo wangu haoni kabisa. Nimefikiria kumtobolea nukta nundu kwenye kadi. Utashauri?

Jibu: Tahadhari moja: rundo likiwa mezani, yeyote anaweza kuipapasa kadi ya juu na kujua kama ni dhoruba kabla ya kuamua. Kwa hiyo kadi zenye nukta nundu afunue mtu mwingine kwa niaba ya wote, akiinua kwa pembe isiyo na nukta, na atangaze kwa sauti: "Hariri, mbili!" Halafu kila mchezaji apange ngama yake kwa mafungu manne kwa mpangilio uleule, kutoka kushoto: dhahabu, hariri, pembe, pilipili manga. Mdogo wako atahesabu zake mwenyewe kwa vidole bila kuuliza mtu.

Swali: Kwa nini maharamia wenu wote ni Wazungu? Na wale wa Somalia je?

Jibu: Swali zuri. Tunaye pia Ali Bey, nahodha wa Waturuki aliyekuja pwani yetu miaka ya 1580 kuwasumbua Wareno, akakamatwa Mombasa mwaka 1589. Kwa Wareno alikuwa haramia. Miji kadhaa ya Waswahili ilimpokea kama mshirika. Ni wa miaka 100 kabla ya wenzake, hivyo tumemweka kwenye kasha kama mchoro, hana kadi. Wa Somalia tumewaacha kwa makusudi. Mabaharia waliotekwa na maharamia hao bado wapo, na familia zao zipo. Sitaki mtu afungue kasha langu akutane na kisa cha baba yake.

Swali: Nikiuweka hadharani si nitaibiwa wazo?

Jibu: Hakimiliki kwa kawaida inalinda michoro na maandishi yako, hailindi namna ya kucheza. Kufunua kadi mpaka uogope si mali ya mtu. Hata sisi si wa kwanza kubuni hilo. Michoro na karatasi ya sheria unaweza kuulizia kwenye ofisi ya hakimiliki: COSOTA ukiwa Tanzania, au KECOBO ukiwa Kenya. Na mkiwa wawili, andikianeni mapema nani amechora nini na mapato yatagawanywa vipi.

Swali: Mwenzangu anataka kuongeza mizinga, vita vya meli na ramani. Mimi sitaki. Tumekwama.

Jibu: Rudini kwenye karatasi ya hatua ya 1. Kama mizinga inamkwamisha yule mtoto wa miaka 7, inatoka. Kama haimkwamishi, ijaribuni mara moja kwa kutoa wanamaji wote 8 na kuweka mizinga 8, ili kasha libaki kadi 54. Aliyeomba mizinga ndiye azichore.